Nimeachishwa kazi, nianzie wapi?

SWALI: Shangazi salamu sana. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Jinja, Uganda, nina miaka 39. Nimekata minofu ya mputa (sangara) kiwandani miaka sita, mwezi uliopita tukaitwa wanawake 11 tukaambiwa samaki wamepungua, msirudi kesho. Tukalipwa mshahara wa mwezi huo basi. Mume wangu ni wa boda, anataka nitoe hela zangu NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, tununue pikipiki ya pili. Mimi hata nguvu ya kutoka nje sina, naamka saa kumi na moja kama nilivyozoea halafu nakaa tu kitandani naangalia gambuti zangu pale mlangoni.
Mama Watatu, Jinja

JIBU: Mama Watatu, pole sana mdogo wangu. Hizo gambuti mlangoni zimenishika moyo.

Nianze na haki yako maana hiyo ina muda wake na watu wengi wanalia nyumbani mpaka muda unapita. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mtu aliyekaa kazini kati ya miaka 5 na 10 apewe notisi ya miezi 2 au alipwe badala yake, sasa kuambiwa leo msirudi kesho hiyo ni notisi gani? Tena mko 11, na mwajiri akipunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu ya uchumi lazima amwandikie Kamishna wa Kazi. Nenda kwa leba ofisa, yule afisa wa kazi wa serikali, ndani ya miezi 3 tangu siku ile, na usiende peke yako, nendeni wote na slipu za mshahara na vitambulisho hata kama vimechakaa. Kiwandani ombeni pia cheti cha kazi, ukikiomba wanatakiwa kukupa.

NSSF kwa sasa haitoki. Yale marekebisho ya 2022 yanampa mtu asilimia 20 akiwa na miaka 45 na ameweka kwa miaka 10, wewe bado. Ila pita ofisini kwao uangalie kama ile asilimia 5 ya mshahara waliyokukata na asilimia 10 ya mwajiri zilikuwa zinafika kweli.

Pikipiki ya pili mimi siitaki kabisa, mwambie shemeji kwa upole. Nyumba nzima ikitegemea boda, petroli ikipanda mnaumia wote siku moja.

Wewe una kisu, dada. Miaka sita unamtoa mputa mfupa bila kupoteza nyama, wauza samaki wengi sokoni hawajui hiyo. Hoteli na vibanda vya chakula hapo Jinja wanataka samaki aliyesafishwa tayari, asubuhi mapema, kwenye barafu. Tafuta mwenzako mmoja kati ya wale 11, mchange hela kidogo ya boksi la barafu, mwanzo samaki watatu wanatosha, mpelekee mpishi mmoja aonje. Lakini usiguse wachanga hata ukipewa bei ya kutupa, mputa chini ya sentimita 50 na ngege (sato) chini ya 28, ukikamatwa nao mtaji wote umeenda.

Kesho hiyo saa kumi na moja vaa gambuti uteremke mwaloni wanakoshusha samaki, hata kama ni kuuliza bei tu. Na mkitoka kwa leba ofisa niandikie, nataka kujua amewaambia nini.