Kisima cha uani: ulimi haujui maji

Mfereji ukikauka siku ya tatu, kila nyumba kisiwani Mombasa hukikumbuka kisima. Ndoo hushushwa, mtu huonja, kisha hukumu hutolewa palepale: "Haya matamu, yanafaa." Hapo ndipo penye hatari. Ulimi unaijua chumvi basi. Vijidudu vya kipindupindu hauvijui, na kisima kitamu cha kwako huenda kikawa kibaya kuliko kile cha chumvi cha jirani.

Tuanze na chumvi yenyewe, maana wengi huitibu kwa njia inayoizidisha. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu. Maji ya mvua hupenya humo yakaenda kuelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg waliipigia hesabu hali hii zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Igeuze hesabu hiyo uone ubaya wake. Ukiyavuta maji kwa pupa hadi usawa ukashuka sentimita 10 tu, chumvi ya chini ina nafasi ya kupanda hadi mita 4 kuufuata mdomo wa bomba lako.

Kwa hiyo kisima kikigeuka chumvi, usimwite fundi akiongeze kina. Utakuwa umemlipa akupeleke baharini. Pandisha mdomo wa bomba uwe karibu na uso wa maji, nusu mita hivi chini yake, tumia pampu ndogo, na ujaze tangi kidogo kidogo: robo saa asubuhi, robo saa jioni, badala ya saa nzima kwa mkupuo. Kama uko karibu na bahari, chunguza pia maji yanavyojaa na kupwa, hasa siku za bamvua, kwani usawa wa kisima hupanda na kushuka pamoja nayo. Onja kila baada ya saa mbili kwa siku moja, uandike, utaijua saa ya kisima chako. Mwisho wa kaskazi, Februari na Machi, hata kisima kizuri hukolea chumvi. Masika yakinyesha hurudi kuwa kitamu.

Na masika hayo hayo ndiyo msimu wa kukiogopa kisima zaidi. Mvua inayoyafanya maji kuwa matamu ndiyo inayosukuma uchafu wa mashimo ya vyoo kupitia nyufa zile zile. Kipimo cha kawaida ni kisima kikae angalau mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo. Majengo au Mji wa Kale, ambako uwanja wenyewe haufiki mita 30, nani atakipata kipimo hicho? Na hata akikipata, mchanga huchuja lakini ufa wa jiwe hauchuji chochote. Kwangu mimi, kila kisima cha kisiwani kihesabiwe kuwa kina uchafu mpaka maabara iseme vinginevyo. Chukua chupa ya maabara yenyewe, usitumie ya soda uliyoiosha nyumbani, na uyafikishe maji siku hiyo hiyo yakiwa kwenye barafu. Omba vipimwe vitu vitatu: chumvi, naitreti na E. coli (kijidudu cha kinyesi). Katika mililita 100, E. coli inatakiwa iwe sifuri.

Naitreti naitaja kwa ajili ya watoto. Inatoka vyooni, haina ladha wala harufu, na ikipita miligramu 50 kwa lita humdhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi ukali, sawa na chumvi. Maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya mfereji yaliyochemshwa, hata kama ni mtungi mmoja tu ulionunuliwa kwa mkokoteni.

Vijidudu vina dawa. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yametosha, kisha yafunike. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo, soma kibandiko: iwe haina manukato, na iwe na klorini ya asilimia 3.5 hivi. Kwa mtungi wa lita 20 weka mililita 2, upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo, maana kila kiwanda kina chake. Tikisa, ngoja nusu saa, unuse. Harufu hafifu ya klorini ikisikika, sawa. Isiposikika, uchafu umeimaliza dawa: rudia kipimo kile kile na ungoje tena. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Nunua chupa ndogo, kwa sababu joto la huku huipunguza nguvu dawa iliyokaa.

Kutia dawa kisima chenyewe kunahitaji hesabu. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 2,260 hivi. Unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 175, unatosha. Tia unga kwenye ndoo ya maji (usimimine maji juu ya unga), acha utulie, mwaga yale ya juu kisimani, chota na kurudisha mara kadhaa, kisha kifunike usiku kucha. Kesho yake vuta maji uyamwage mpaka harufu iishe. Ila kama choo kipo palepale, uchafu utarudi. Afadhali pesa hiyo uiongezee kwenye mfuniko, ukuta wa kisima, na sakafu ya saruji ya mita moja kukizunguka, yenye mteremko wa kutoa maji nje. Ndoo iwe na msumari wake wa kutundikwa. Ikiwekwa chini kando ya banda la kuku, kamba inarudi kisimani na uchafu wote.

Jikoni, maji haya yana kero nyingine: chokaa ya matumbawe. Kwangua sabuni ya kipande kwenye chupa mbili, moja ya kisima na moja ya mfereji, utikise. Ya mfereji itatoa povu. Ya kisima itabaki na utando mweupe uliogandamana shingoni. Chokaa hiyo hiyo hukaza ngozi ya mbaazi. Zinaweza kukaa motoni asubuhi nzima zisilainike, mpishi akaishia kutia magadi, na magadi huziharibu vitamini. Kuogea, kufulia na kudekia, kisima kinafaa. Mbaazi ziloweke usiku na kuzichemsha kwa maji ya mfereji au ya mvua, na chumvi utie zikishalainika, pamoja na tui.