Acha sabuni kabla hujaacha mume

Binti yangu, pole. Maradhi ya huko chini yanakera, na kuyasema kunahitaji moyo. Sasa tusemezane.

Barua yako imejaa habari za mumeo. Za mwili wako ni mistari miwili. Una miaka 24, karibu kila mwezi unatokwa na uchafu wenye harufu, umekata shauri kuwa mumeo anakuletea ugonjwa kutoka nje, na umemhamishia sebuleni. Halafu unataja juu juu kwamba asubuhi na jioni unajiosha ndani kwa kidole na sabuni ya manukato, na harufu ikirudi unameza Flagyl zilizobaki, siku mbili tatu. Mumeo aliomba mwende hospitali pamoja, ukakataa kwa aibu. Hapo mimi nasimama na mumeo.

Uke hujisafisha wenyewe. Ndani mna bakteria walinzi wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo, pH kati ya 3.8 na 4.5, ndiyo inayowazuia wadudu wabaya wasizaliane. Sabuni inaiharibu, maji yanawasomba walinzi. Unanukia vizuri kwa saa chache, kisha shombo linarudi. Unaosha zaidi, nalo linazidi. Mtuhumiwa wako wa kwanza ni hicho kipande cha sabuni. Kuanzia leo osha nje tu, kwa maji matupu. Kidole kisiingie, wala kitunguu saumu, wala mvuke.

Tena hujui unaugua nini. Uchafu mwepesi wa kijivu, wenye shombo la samaki linalozidi baada ya tendo au hedhi, mara nyingi ni vaginosisi, yaani bakteria wa uke wamevurugika. Ute mzito mweupe kama maziwa mgando, usionuka, wenye muwasho mkali, mara nyingi ni fangasi. Majimaji ya manjano au kijani yenye povu huenda ni trikomona, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana, na hiyo mtatibiwa wote wawili. Hata hivyo trikomona inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, kwako au kwake, kwa hiyo peke yake si ushahidi wa usaliti.

Nenda upimwe ute kwa hadubini, na siku moja au mbili kabla usifanye tendo. Ikiwa ni vaginosisi, kipimo cha kawaida cha Flagyl ni miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, siku 7 kamili. Hizo za siku mbili huwapunguza wadudu tu, nao wanarudi. Fangasi haiuawi na Flagyl kabisa, na antibiotiki zinaweza kuichochea. Ikikurudia mara 3 au zaidi kwa mwaka, daktari anaweza kukupa fluconazole miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6. Kama una mimba mwambie mapema, maana hivyo vidonge vya fluconazole havifai. Omba pia upimwe sukari na VVU.

Sasa huyo wa sebuleni. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 ulifuata wanawake wenye vaginosisi waliokuwa na mwenzi mmoja tu. Pale mwanamume alipotibiwa pia, kwa vidonge na krimu ya kupaka uumeni kwa siku 7, ugonjwa ulirudi kwa 35 katika kila 100 ndani ya wiki 12. Asipotibiwa, kwa 63. Watu wawili waaminifu wanaweza kurudishiana bakteria. Unamfukuza mtu ambaye huenda tiba yako inamhitaji.

Ndoa za siku hizi zimejaa upelelezi: simu inapekuliwa kabla mtu hajaulizwa anaumwa nini. Wazee walisema mficha uchi hazai. Ukimwonea haya daktari, na mumeo ukamfanya mshitakiwa, nani akutibu?

Mrudishe chumbani, mwombe radhi, mwende wote. Mpaka dozi iishe pumzisheni tendo. Kondomu zisikudanganye, baadhi ya krimu za ukeni huzidhoofisha. Ukipata homa, maumivu chini ya kitovu, vidonda au damu isiyo ya hedhi, usingoje miadi: nenda siku hiyo hiyo.