Kurudi Tamriel ukiwa Nairobi: jibu kwa aliyetoka 2014

Ndugu, umeuliza kama The Elder Scrolls Online (ESO), gemu ya mtandaoni ya watu wengi inayochezwa katika dunia ya Tamriel, inafaa kurudiwa na mtu aliyeitupa muda mfupi baada ya kuzinduliwa, na umesema una laptopu ya ex-UK na faiba ya nyumbani. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika, nusu wanasema ni takataka ileile, nusu wanakuambia nunua kila kitu leo. Mimi nilicheza enzi hizo, nikatoka, nikarudi, na nimekaa Nairobi muda wote huo. Ninachokuambia ni hiki: rudi, lakini mwache mhusika wako wa zamani alipo, na usilipe senti zaidi ya bei ya gemu yenyewe mpaka uwe umeizoea tena.

Wadogo wetu humu hawajui tulichokiona, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Gemu ilitoka tarehe 4 Aprili 2014 kwa kompyuta za Windows na Mac. Ndani ya majuma machache watu waligundua mbinu ya kurudufu vitu kupitia benki ya chama, yaani ghala la pamoja la kundi la wachezaji, uchumi wa gemu ukavurugika. Roboti, yaani wahusika wanaoendeshwa na programu, zilijipanga mapangoni zikimsubiri bosi, akitokea tu ameshakufa, na wewe uliyekuja na upanga wako huambulii kitu. Misheni zilikwama kwa sababu yule wa kuongea naye hakutokea. Hata mkiwa kundi moja, mwenzako akiwa hatua tofauti ya misheni mlipotezana, amesimama pale pale ulipo na humwoni. Yote hayo yaliandikwa sana wakati ule na hakuna aliyeyazulia.

Sasa ona tofauti na Final Fantasy XIV, gemu nyingine ya aina hii, ambayo ilianza vibaya zaidi. Ile ilitoka Septemba 2010, ikachekwa dunia nzima, mwezi wa Desemba usukani wake akapewa mtayarishaji Naoki Yoshida, na Novemba 2012 wakazima seva kabisa, wakashusha mwezi angani ukaiteketeza dunia ya gemu, kisha wakarudi na gemu mpya Agosti 2013. Kila mtu alijua siku ya kurudi. ESO haikufanya kitu kama hicho. Ilirekebishwa kipande kwa kipande huku watu wakiendelea kucheza, na aliyetoka mapema hakuwahi kusikia kengele ya kumwita. Ndiyo maana hadi leo unakutana na mtu anayeisema gemu ya 2014 kana kwamba ameifunga jana usiku.

Kipande cha kwanza kilichotuhusu sisi wa huku kilipita kimya kimya. Gemu ilipoanza, seva iliyoitwa ya Ulaya ilikuwa Marekani. Katikati ya 2014 ndipo ikahamishiwa Frankfurt. Kwa mtu wa Berlin hiyo ni habari njema tu, kwa mtu wa Umoja au Kasarani ni kuondoa bahari nzima njiani. Data yetu hushuka Mombasa, ikaingia kwenye nyaya za baharini kama TEAMS, SEACOM na EASSy, na njia fupi ya kwenda Ulaya hupitia Bahari ya Shamu. Mimi usiku wa kawaida hupata pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, inayozunguka milisekunde 170. Si ya kujivunia, lakini inachezeka.

Kipande cha pili kilikuwa pesa. Mwaka 2014 ulinunua gemu, kisha ukatozwa dola 14.99 kila mwezi ili uruhusiwe kuingia. Dola ilikuwa shilingi 86 au 87, kwa hiyo ni kama 1,300, na ulihitaji kadi ya benki ambayo wengi wetu tukiwa chuo hatukuwa nayo. Machi 2015 sharti hilo liliondolewa. Sasa unanunua mara moja na kuingia utakavyo. Malipo ya mwezi yapo bado kwa anayetaka, yanaitwa ESO Plus, na bei ya dola ni ileile 14.99, ila kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni zaidi ya 1,900. Kinachowavuta watu humo ni Craft Bag, mfuko wa malighafi usiojaa. Utamu wake ni wa kweli, na nadhani waliutengeneza makusudi ili begi la kawaida likuudhi. Vumilia begi la kawaida kwanza. Kulipa angalau kumekuwa rahisi, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa imeondoa ile habari ya kumwomba shangazi aliye na kadi.

Kipande cha tatu ndicho gemu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Oktoba 2016 walileta mabadiliko waliyoyaita One Tamriel. Kabla ya hapo dunia iligawanywa kwa pande tatu, Aldmeri Dominion, Daggerfall Covenant na Ebonheart Pact, na kila eneo lilikuwa na leveli zake. Ukichagua upande, umefungiwa huko. Binamu yangu wa Mombasa alichagua Aldmeri kwa sababu alitaka kuwa Khajiit, wale watu wenye sura ya paka, na mimi nilikuwa Ebonheart. Tulinunua gemu tucheze pamoja, tukawa tunakutana Cyrodiil tu, eneo la vita kati ya pande hizo, kila mmoja akimwinda mwenzake. Tulicheka, sikatai, lakini ukimaliza kuuana hakuna kingine cha kufanya pamoja. Halafu ukifika leveli 50 ulianza ngazi za Veteran, ukalazimika kupita hadithi za pande zile mbili nyingine moja baada ya nyingine, adui wakiwa wagumu na tuzo ndogo. Wengi walifia hapo.

One Tamriel ilivunja kuta zote hizo. Nguvu yako inalinganishwa na eneo lolote, kwa hiyo aliyeanza jana anaweza kutembea na mkongwe na wote wakapata faida. Upande wako una maana vitani tu. Ngazi za Veteran zilikuwa zimeshafutwa miezi michache kabla, mahali pake pakachukuliwa na pointi za Champion, ambazo ni za akaunti nzima na si za mhusika mmoja. Mimi na binamu tulianza upya tukiwa na wahusika wapya, tukapita hadithi ya nyongeza ya Morrowind pamoja, na hapo ndipo nilipoelewa gemu hii ilikusudiwa kuwa nini.

Lakini mabadiliko hayo yalikuwa na bei yake na sijaona aliyeitaja humu. Adui wa nje, wale wa barabarani na mashambani, sasa ni wepesi mno. Ukiwa na vifaa vya wastani unaua bosi wa hadithi kabla hajamaliza kutamba. Zamani kulikuwa na pango ulilopita kwa mbali ukisema nitarudi nikikomaa, na siku ukirudi unalipiza. Hilo halipo. Ugumu umehamia kwenye danjoni, yaani mapango ya kupigana kwa kundi, za watu wanne na majaribio, yaani mapambano makubwa zaidi, ya watu kumi na wawili. Kama wewe ni mtu wa kutaka jasho tangu hatua ya kwanza, jua hilo mapema.

Kuhusu mhusika wako wa 2014: bado yupo, hakufutwa. Ukimfungua utakuta begi limejaa vitu ambavyo kazi yake imebadilika, pointi za ujuzi zimerudishwa zote uzipange upya, na pointi za Champion zilipangwa upya kabisa mwaka 2021. Utakaa jioni nzima ukisoma maelezo na hutapigana na hata panya. Nimewaona watu watatu ninaowafahamu wakirudi hivyo na kuzima. Anzisha mpya, acha gemu ikufundishe polepole, yule mzee utamwamsha baadaye ukishajua unatafuta nini.

Chagua aina ya mhusika ukifikiria pingi. Mapigano ya ESO hutaka uchanganye pigo jepesi na ujuzi kila sekunde, na kwa 170 vidole vyako vitagombana na seva. Mganga anatufaa sisi, kwa sababu uponyaji mwingi unautandika chini mapema kabla watu hawajaumia. Arcanist, aina ya mhusika iliyokuja na nyongeza ya Necrom mwaka 2023, pia inasamehe, mwale wake mkuu ukishauachia unaendelea wenyewe kwa sekunde kadhaa. Tatizo inanunuliwa kando, kwa hiyo iache kwa sasa. Hadithi ya Morrowind huja na gemu ya kawaida na itakutosha kwa muda mrefu.

Laptopu yako: kama ina diski ya zamani ya kuzunguka, badilisha iwe SSD kabla ya chochote, maduka ya Luthuli na Moi Avenue yamejaa. Gemu inakula zaidi ya GB 100 na kila mlango ni skrini ya kusubiri. Pakua usiku, na usiishushe kwa bando la simu, utalia. Weka picha chini, zima vivuli. Stima ikipotea katikati ya danjoni wenzako watakusubiri dakika chache, kama ruta yako ina betri ndogo ya akiba hutatolewa kabisa. Na kuna siku kosa si la mtu yeyote unayemjua: Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na nchi nzima ikatambaa. Siku kama hizo nenda kavue samaki ndani ya gemu, uvuvi haujali pingi.

Chama kizuri utakipata, ila uliza saa zao. Wazungu wengi huanza majaribio saa mbili usiku kwa saa za Ujerumani. Majira yao ya kiangazi hiyo ni saa tatu kwetu, sawa. Wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa nne, mnamaliza karibu saa sita, na matatu ya asubuhi haikusubiri.

Kinachobaki kibovu ni Cyrodiil. Vita vikubwa vimelagi miaka nenda rudi, hata kwa wanaoishi karibu na seva. Mwaka 2025 walianza kupima mfumo wa vita unaoitwa Vengeance, wakipunguza ujuzi unaotumika ili seva ibebe watu wengi zaidi, yaani wenyewe wanakiri tatizo lipo. Kama vita ndivyo vilikuwa sababu yako ya kurudi, mimi ningesubiri. Vilevile ujue Julai 2025 Microsoft, wenye studio tangu 2021, walipunguza wafanyakazi, na Matt Firor aliyeiongoza tangu mwanzo akaondoka. Gemu inaendelea, ila hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua mafurushi makubwa kwa pupa. Makasha ya bahati nasibu ya dukani usiyaguse kabisa.

Kabla hujapakua, tuambie jambo moja: wahusika wako wa 2014 walikuwa seva ya Amerika au ya Ulaya? Hawahamishwi kutoka moja kwenda nyingine. Sisi tuko Ulaya, na kama utaanza mpya kama nilivyokushauri, chagua hiyo kwenye skrini ya kuingia kabla hujaunda mtu, kisha andika jina lake hapa tukupe mwaliko wa chama.