Ping inaenda ila hairudi? Angalia upande wa pili kwanza

Kama una kompyuta mbili ziko kwenye netiweki tofauti na unataka zionane, mimi hii kitu ilinilia wikendi nzima na kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja tu.

Kompyuta A ni Windows, iko 192.168.1.10. B ni Linux, iko 192.168.2.10. Katikati nikaweka mashine nzee ya Linux yenye kadi mbili za mtandao, huku 192.168.1.254 kule 192.168.2.254. Nikaiwekea net.ipv4.ip_forward=1, ndiyo ruhusa ya kupitisha pakiti (vipande vya data) za wengine, maana bila hiyo ikipata pakiti isiyo yake inaitupa, nikarudi kwa A nikaandika route add 192.168.2.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.254, yaani njia ya kwenda upande wa B ipitie mashine ya kati, nikapiga ping, ile amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inajibu. Kimya.

Nikabadilisha kebo, nikazima faiwoli zote, nikarestati kila kitu mara mbili mbili, hadi nikaanza kuisingizia kadi ya watu imekufa. Ndo nikakumbuka tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, ambayo ningeanza nayo jamani. Pale mashine ya kati nikaandika tcpdump -ni eth1 icmp (eth1 ni kadi ya upande wa B, icmp ni aina ya pakiti za ping), naona ping zinatoka kwenda B moja baada ya nyingine, jibu hata moja hakuna. Kumbe B inazipata na inajibu vizuri tu, ila haijui 192.168.1.0 iko wapi, kwahiyo majibu inayarushia getiwei yake ya kila siku, ile ruta ya intaneti, nayo haijui, basi yanapotelea huko. Nikaenda B nikaandika ip route add 192.168.1.0/24 via 192.168.2.254 na hapohapo zikaanza kurudi.

Halafu nikazima mashine nikalala, asubuhi hakuna kinachofanya kazi 😅 Njia ukiziweka hivyo zinafutika ukirestati. Windows weka route -p add, Linux andika kwenye faili za mipangilio ya mtandao, na ile ip_forward iweke ndani ya /etc/sysctl.d.

Na kama pande zote mbili ni 192.168.1.0, usihangaike na njia, badilisha namba za upande mmoja kwanza.

Faiwoli nilipoziwasha tena, ping za kutoka B kwenda A zikagoma. Usiizime yote kama nilivyofanya mimi, kwenye faiwoli ya A ongeza ruhusa ya ICMPv4 kwa 192.168.2.0/24 peke yake.