Muulize Fundi: Gari linakwenda vizuri, likisimama linazima

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, nakaa Maweni hapa Malindi, kazi yangu iko Gede. Probox yangu, injini ya 1NZ, ilikuwa ikivuja oili juu ya injini, inadondokea ekzosi na kunuka gari zima. Likizo hii nikajitia ufundi: nikabadilisha gasketi ya kifuniko cha juu, nikatia plagi mpya, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua, nikasafisha na throtoli, ule mlango wa hewa ya injini. Betri nilikuwa nimeitoa. Oili haivuji tena. Lakini sasa gari likiwa mwendoni halina neno, ila nikiachia mafuta kukaribia tuta, au nikisimama nyuma ya tuktuk, linazima. Nikiwasha eyakondishen ndiyo kabisa. Jirani kaniambia ninunue pampu ya petroli. Ninunue?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Pesa ya pampu iache mfukoni kwanza. Pampu ikichoka, gari huonyesha unyonge pale linapodai petroli nyingi: ukipanda mlima, ukipakia mzigo, ukitaka kulipita lori. Lako, kwa maneno yako mwenyewe, linazima likiwa halina kazi yoyote. Mimi nashuku hewa ya wizi.

Injini yako ina sensa inayopima hewa pale inapotoka kwenye eya klina, na kompyuta hutoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Hewa ikipenya mahali pengine baada ya sensa, haimo hesabuni, na petroli inakuwa kidogo kuliko hewa iliyoingia. Barabarani huoni kitu, kwa sababu injini inavuta hewa nyingi na kile kitundu hakina uzito. Kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya pilau ya harusi nani atakijua? Kitie kwenye kikombe cha chai uone. Injini ikinguruma imesimama, mizunguko 700 hivi kwa dakika, hewa inayovuta ni ya kikombe. Ukiongeza na mzigo wa eyakondishen, inakata roho.

Sasa tazama ulichogusa. Kifuniko kile hakitoki mpaka uchomoe mipira miwili: mmoja uko kwenye valvu ndogo ya kupumulia na unakwenda kwenye manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, wa pili unarudi kwenye bomba la hewa. Ikikaa miaka juu ya injini ya moto, mipira hii huwa migumu, na mtu akiivuta kwa hasira hupasuka upande wa chini, pale jicho halifiki. Usiitazame ikiwa imekaa mahali pake, utaniambia ni mizima. Ichomoe, ikunje kidogo, kisha pitisha ukucha kwenye kona, hasa pale mdomo unapobana. Ukucha ukikwama, umeshapata. Mpira mpya si ghali. Gundi na seloteipu usizilete huku.

Kama mipira ni mizima, kaza klipu za bomba kubwa la hewa, uhakikishe kijiti cha kupimia oili kimeingia mpaka mwisho na kifuniko cha kujazia oili kimekaza. Watu wanacheka nikiwaambia, lakini hapo nako hewa hupita. Kisha washa injini, chukua ile chupa ya kunyunyizia nguo za pasi, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na mahali manifoldi inapokutana na injini. Koili za plagi usizimwagie. Mlio ukibadilika ghafla, tundu liko hapo. Wako mafundi wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii. Injini ya moto, waya zenye umeme, na wewe umeinama juu yake! Mimi simo.

Ukikosa tundu, njoo kwenye throtoli. Uchafu uliousugua kompyuta ilikuwa imeshauzoea, nayo ilikuwa imejifunza kufungua kile kisahani cha ndani ya throtoli kwa kiasi fulani. Ulipoitoa betri ikasahau mafunzo yote. Zima taa, redio na eyakondishen, washa gari likae linanguruma mpaka feni ya rejeta iingie, liache dakika kumi hivi bila kugusa mafuta. Halafu washa eyakondishen, uliache tena. Likizima, liwashe uendelee. Na siku nyingine, ikiwa throtoli yako haina kebo, ile ya umeme, usikisukume kisahani kwa kidole. Ndani mna gia ndogo za plastiki.

Soketi ya sensa ya hewa nayo uichomoe uitazame. Kwa chumvi hii ya Malindi, pini huota kutu ya kijani, na soketi iliyokuwa ikishika kwa bahati tu huacha kushika siku inapoguswa. Ile sensa yenyewe usiifute kwa kitambaa, nyuzi zake ni nyembamba mno. Taa ya injini ikiwa inawaka, mtafute mwenye mashine ya kupimia. Ikitoka namba ya hitilafu P0171, basi petroli ni kidogo kuliko hewa, na utakuwa umezidi kunipa haki.

SWALI: Fundi, mimi wa Shela, Lamu. Mashine ya boti langu nimeisafisha kabureta mwenyewe. Inawaka vizuri, lakini nikifika katikati ya mkondo kwenda Manda inazima. Nikingoja, inawaka tena.

JIBU: Nahodha, kabureta iache kidogo. Tazama kifuniko cha tangi, kuna skurubu ya kupumulia. Ikiwa imefungwa, petroli inatoka na hewa haiingii, mwisho mashine inavuta bure. Ikizima tena, shika ile pampu ya mkono kwenye mpira. Ikiwa imenywea, legeza skurubu, utasikia hewa ikiingia kwa mlio. Ikiwa imejaa na ni ngumu, petroli imefika, basi rudi kwenye jeti na sindano za kabureta. Lakini fungulia nchi kavu. Jeti ikitumbukia mkondoni ndiyo basi.