Mchakato Unapouawa: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Ulinzi wa Kompyuta

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya kufuatilia usalama wa kompyuta katika ofisi za hapa Dar es Salaam, eleweni kwanza kwamba maelfu ya michakato, yaani programu zinazoendeshwa kwenye kompyuta, hukoma kila siku katika mtandao mnaoulinda, na karibu yote hukoma kwa sababu za kawaida: mtu amefunga Excel, programu imejisasisha, mhasibu amezima kompyuta ili awahi mwendokasi. Atakayeweka tahadhari ilie kila mchakato unapokoma atakuwa ameacha kuzisoma kabla ya mchana. Mnachopaswa kukitafuta ni mkono uliotoa amri.

Ugumu unaanzia hapo hapo, kwa kuwa kumbukumbu za Windows hazimtaji muuaji. Tukio namba 4689 la kumbukumbu za usalama, na tukio namba 5 la Sysmon, chombo cha Microsoft cha kurekodi yanayotendeka kwenye kompyuta, hueleza ni mchakato upi umekoma na saa ngapi, lakini hayasemi ni nani aliyeukomesha. Inabidi basi mrudi nyuma kwenye matukio ya kuanza kwa michakato, yaani 4688 au namba 1 la Sysmon, na kusoma ni amri ipi iliyotangulia, mzazi wake, yaani mchakato ulioianzisha, ni upi na ilitolewa kwa akaunti ya nani. Hakikisheni mapema kwamba sera ya kuhifadhi mstari wa amri imewashwa, maana tukio 4688 haliuandiki mpaka liagizwe. Bila hiyo mtaona tu kwamba taskkill.exe, amri ya Windows ya kuua michakato, imeanza, na hamtajua ililenga nini.

Chukueni amri mbili. Ya kwanza ni taskkill /F /IM excel.exe, imetolewa mara moja saa nne asubuhi na fundi wa IT aliyeitwa kwa sababu jedwali la mishahara limeganda. Hiyo haina neno. Ya pili inatoka kwenye skripti iliyokaa katika folda ya muda ya mtumiaji, na ndani ya sekunde chache inaua sqlservr.exe ya hifadhidata ya SQL Server, kisha Outlook, kisha programu ya kuhifadhi nakala, huku amri za net stop za kusimamisha huduma zikifuatana na mwishoni amri ya vssadmin ikifuta nakala kivuli za diski, ambazo zingeweza kurudisha mafaili. Hapo msisubiri kujadiliana. Programu za kudai fidia (ransomware), zinazofunga mafaili ya mtu ili alipe, hufanya hivyo kwa sababu faili la hifadhidata lililofunguliwa na mchakato mwingine huwa limezuiwa lisiguswe na haliwezi kusimbwa, yaani kugeuzwa lisisomeke. Mshambuliaji huua kwanza kinacholishikilia faili, ndipo alisimbe. Kwa hiyo kipimo kizuri ni mfululizo: michakato kadhaa isiyohusiana, inayokomeshwa na mzazi mmoja kwa muda mfupi. Kumbukeni pia kwamba taskkill inaweza kubadilishwa jina, ndiyo maana Sysmon huandika jina la asili la faili, na kwamba PowerShell, chombo kingine cha amri cha Windows, ina Stop-Process inayofanya kazi ile ile.

Zipo njia zisizoacha amri yoyote. Mshambuliaji mwenye haki za msimamizi huweza kupakia draiva (programu inayoendesha kifaa) halali, yenye saini lakini yenye udhaifu, akaitumia kuua programu ya ulinzi akiwa ndani ya kiini cha mfumo (kernel), ambako kinga za kawaida za michakato hazimzuii. Tafuteni basi tukio 7045, linaloonyesha huduma mpya imesakinishwa, na tukio namba 6 la Sysmon kwa draiva zinazopakiwa. Orodha ya Microsoft ya draiva zilizozuiwa iwashwe kila inapowezekana, ingawa kwa maoni yangu haitoshi peke yake.

Wakati mwingine dalili pekee ni ukimya: programu ya ulinzi imeacha kutuma taarifa. Katika jiji hili ukimya una sababu nyingi, na umeme ndio mshukiwa wa kwanza. Tazameni majirani wa kompyuta hiyo. Kama ghorofa nzima pale Upanga imenyamaza pamoja na swichi yake, ulizeni habari za jenereta. Kama kompyuta moja imenyamaza huku ikiendelea kuomba anwani ya mtandao na mtumiaji wake akiendelea kuingia kwenye seva ya mafaili, basi kompyuta iko hai na mlinzi wake ndiye aliyeuawa. Tahadhari ya namna hiyo naiheshimu kuliko nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa.

Saa nazo huwachanganya wengi. Sysmon huandika muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Tukio lililoandikwa 23:40 ya tarehe 4 lilitokea Dar es Salaam saa nane na dakika arobaini usiku, tarehe 5 ikiwa imeshaingia. Katika ripoti andikeni muda wa aina zote mbili pamoja na tarehe.

Mkishathibitisha shaka, itengeni kompyuta na mtandao lakini msiizime, kwa kuwa michakato iliyobaki kwenye kumbukumbu ya RAM hupotea umeme ukikatwa. Mpigieni simu mtumiaji kwa namba iliyopo kwenye orodha ya ofisi, msimwandikie barua pepe ambayo huenda mshambuliaji naye anaisoma, kisha mtafute kama mzazi yule yule ameonekana kwenye seva ya nakala za akiba.