Barua kwa mwanangu: unaomba, husikii kitu

Machame, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo. Masika yameanza, njia ya kupanda kwetu ni utelezi mtupu, bodaboda wanatushushia kwenye lami na tunamalizia kwa miguu. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi, nikaona jambo kama hili sitaliweza kwa kubonyezabonyeza simu. Nimechukua kalamu, dada yako ataipiga picha barua na kukutumia.

Uliniuliza: "Mama, kanisani naenda, kuomba naomba, lakini ni kama naongea na ukuta. Tulipokuwa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo shuleni, nilikuwa nalia kwenye maombi. Nifanye nini nikue kiroho, nimkaribie Mungu kama zamani?"

Nianze na hayo machozi. Ulikuwa kijana wa sekondari, mmefunga, mmekesha, kwaya inaimba, ukumbi mzima unalia. Nani asingelia? Sisemi yalikuwa ya uongo. Ila ukiyafanya kipimo utahangaika maisha yako yote, na huko Dar wapo watakaokuhangaikia kwa bei: leo mafuta ya upako, kesho maji, keshokutwa "panda mbegu" kwa kutuma kwenye namba hii. Mteja wao wa kwanza ni mtu kama wewe, mwenye hamu ya kusikia chochote mradi asikie. Nisije nikasikia umekaa kwenye foleni hiyo.

Fungua Zaburi ya 13. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Aliyesema maneno hayo hakuwa ameacha imani, alikuwa anaomba. Ya 88 ni kali zaidi: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa shukrani tuliouzoea. Wazee waliipokea hivyo hivyo, wakaiimba hekaluni. Kwa hiyo siku ambayo husikii kitu, mwambie Mungu kwamba husikii kitu. Ukishamwambia, umeomba.

Halafu nikuulize, unalala saa ngapi? Dada yako anasema unafika nyumbani Kimara saa tatu usiku, na saa kumi na moja alfajiri uko kituoni. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumpa somo la kukua kiroho. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu. Soma mwenyewe, 1 Wafalme 19. Huo ukavu mwingine unaoulalamikia ni usingizi tu, mwanangu.

Sasa maneno ya kuomba. Uliwahi kuniambia ibada yetu ya huku ni ya kukariri, mchungaji anasema hiki, ninyi mnajibu kile, miaka nenda rudi. Ni kweli, na mimi ndiyo maana naipenda. Kwenye jumuiya yetu yupo yule bibi wa pale chini ya mfongo, mfereji wetu wa maji, unamkumbuka, aliyekuwa anawafukuza kwenye maparachichi yake. Macho yamekwisha. Tukisali kwake analeta kitabu chake cha nyimbo kilichofungwa kwa uzi, anakifungua, mara nyingine juu chini, na hakuna anayemgeuzia. Mwinjilisti akitaja namba, bibi ameshaanza ubeti wa kwanza kabla sisi hatujapata ukurasa. Zaburi ya 23 anaimaliza bila kukwama. Mwaka ule alipomzika mwanawe hakuwa na neno lake mwenyewe la kusema, aliyatumia yale aliyokariri akiwa msichana wa kipaimara. Wewe maneno yako yamekuishia kwa sasa. Tumia ya kanisa mpaka yako yarudi.

Ile Katekisimo Ndogo uliyoisoma kwa fimbo ya mwalimu wa kipaimara, Luther aliitoa 1529 ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Ndani yake mna sala ya asubuhi na ya jioni. Fupi zote mbili. Baada ya ile ya jioni ameagiza tu ulale mara moja, kwa furaha. Anza nazo hizo. Nakala yako ipo kabatini, nitakupa ukija.

Kusoma, usijipangie Biblia nzima kwa mwaka ukaachia njiani kwenye Mambo ya Walawi. Chukua Marko, ana sura 16 tu, soma kipande kimoja, tukio moja, kisha ukae nalo. Soma kwa sauti. Simu iwe chumba kingine, maana ukisomea kwenye simu, aya ya tatu tu ujumbe wa mpira umeingia. Na utafute jumuiya huko Kimara. Kanisa kubwa lenye watu elfu hakuna anayejua kama hukuja, jumuiya ya nyumba kumi watakugongea mlango wakuulize kulikoni.

Nimefika kwenye jambo lililonitoa kitandani.

Wewe na kaka yako hamsemezani tangu tulipogawa kihamba, shamba letu la ukoo, baada ya msiba wa baba yenu. Krismasi umekuja, umelala gesti pale Boma, umepanda huku mchana kunisalimia na kuweka maua kaburini, ukashuka kabla kaka yako hajatoka mnadani kanisani. Alirudi na mkungu wa ndizi mshale alioununua kwa ajili ya mtori wako. Tuliupika, tukala sisi.

Usinielewe vibaya. Sisemi Mungu amekunyamazia kwa sababu ya kaka yako. Sijui hayo, na anayekwambia anajua anakudanganya. Daudi alinyamaziwa, Ayubu alinyamaziwa. Lakini umeniuliza ufanye nini, na hili linafanyika. Mathayo 5 inasema ukileta sadaka na "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako", iache hapo, uende ukapatane naye kwanza. Angalia vizuri: haikuuliza nani alianza. Kaka yako alisogeza masale, ile mimea ya mpakani, nimemwambia usoni na mzee wa kanisa alikuwepo. Na wewe ulimwandikia kwenye grupu la ukoo maneno ambayo shangazi zako wameyasoma, kisha ukajitoa. Kwa hiyo neno juu yako analo.

Wazee wetu, kabla hata wamisionari wa Leipzig hawajafika hapa Machame 1893, walikuwa wakimpelekea mtu isale kumwomba msamaha, na aliyeletewa hakuwa na ruhusa ya kukataa. Mmea ule ule wa mpaka mnaougombania. Na walokole wa ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, unaowasikia wazee wakiusimulia, hawakusifika kwa kulia tu. Walikwenda kwa majirani wakatubu kwa kutaja jambo lenyewe, wakarudisha vya watu walivyochukua. Ukuaji wa kiroho wa namna hiyo jirani anauona hata kama wewe mwenyewe husikii chochote moyoni.

Habari ya mpaka usiianze kwenye simu. Hiyo ina kikao chake, baba yenu mdogo ameshakubali kukiitisha baada ya Pasaka na mtapima mbele ya watu. Na sikuombi uache haki yako, shamba ni la baba yako na wewe una sehemu yako. Wewe umpigie tu, useme yale maneno ya kwenye grupu hukupaswa kuyaandika. Akianza kufoka, na atafoka, unamjua, msikilize hadi amalize.

Namba yake ya zamani haipatikani, mpya anayo dada yako. Jioni usimpigie, anakuwa anakamua. Mpigie saa saba mchana, akiwa amekaa kula.

Ni mimi mama yako.